Orodha Zilizo Mikononi Mwetu: Kulinda Taarifa za Watu na za Biashara Ufuoni mwa Ziwa

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wafanyabiashara, walimu, wahudumu wa afya na viongozi wa vikundi vya ufuoni)

Leo ni siku ya kazi, na kila saa mnayokaa hapa ina gharama yake sokoni. Nitajitahidi ilipe.

Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa taarifa za watu binafsi na za biashara. Kusudi langu ni kutetea jambo moja. Hatari kubwa ya taarifa zetu hapa ufuoni inaanzia kwenye orodha tunazoziandika wenyewe: za ufuo, za chama, za shule, za zahanati, za duka. Kwa hiyo ulinzi wetu wa kwanza ni kuandika machache, kuyatunza kwa muda mfupi, na kuwaonyesha wachache.

Mtakuwa mmesikia kwamba kati ya Januari na Machi 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilihesabu matukio ya hatari mtandaoni zaidi ya bilioni 2.5. Hesabu hiyo hutoka kwenye mitambo inayorekodi kila jaribio la kugusa mifumo ya kompyuta, na wataalamu wanaihitaji. Lakini mama anayenunua omena Usenge hawezi kuifanyia kitu. Yeye anahitaji kujua ni nani aliye na namba ya kitambulisho chake leo, anaitakia nini, na itakaa kwake hadi lini. Nitazungumza kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kondele ambaye daftari lake la madeni ndilo biashara yenyewe.

Hoja zangu ni tano. Urefu wake haulingani kwa sababu uzito wake haulingani.

1. Tujue taarifa zetu zimelala wapi

Tumfuate mchuuzi mmoja wa samaki kwa siku moja tu. Simtaji jina kwa sababu ni wengi. Alfajiri yuko ufuoni Dunga akingoja mashua. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, tunachokiita BMU, kina jina lake na namba zake kwenye rejista. Anamlipa mvuvi kwa M-Pesa, na mvuvi anaona jina lake. Anapanda matatu na beseni lake hadi soko la Kibuye. Njiani anatoa fedha kwa wakala, mahali ambapo kwa miaka mingi daftari lilikaa wazi juu ya meza, kila mteja akiandika jina, kitambulisho na simu, huku akisoma ya waliomtangulia. Adhuhuri anapita saiba kujaza fomu ya kodi, na kijana wa pale anamwandikia nywila katika daftari lake, ili mwakani wasihangaike. Jioni anaingia jengo la mjini kumwona mweka hazina wa chama cha akiba, na askari wa langoni anaandika namba ya kitambulisho chake na wakati mwingine anabaki na kitambulisho chenyewe. Usiku, kundi la WhatsApp la chama linapokea picha ya orodha ya waliolipa na ambao hawajalipa.

Kila mmoja wa watu hao alikuwa na sababu ya kuandika. Sikuona mwizi njiani. Lakini ukiziunganisha karatasi zile, unapata jina kamili, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, simu, watu anaowatumia fedha, na siku anazokuwa na fedha. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa haihitaji kompyuta wala mtaalamu. Chukueni karatasi moja, muandike kila mahali ambapo biashara yenu, shule yenu au kikundi chenu kinatunza jina la mtu. Msisahau simu za wafanyakazi. Msisahau makundi ya WhatsApp ya hafla zilizokwisha zamani. Msisahau maboksi ya stoo: fomu za kale, nakala za vitambulisho, risiti. Mnajua karatasi za kale huishia wapi. Huuzwa kwa kilo, zikafungiwa njugu. Ukinunua njugu za shilingi ishirini unaweza kusoma matokeo ya maabara ya mtu usiyemjua.

Baada ya kuandika, jiulizeni kwa kila mstari: tukiifuta hii leo, kazi gani itakwama? Mwenye biashara akijibu kwa ukweli, nina hakika atapata kwamba sehemu kubwa haikwamishi chochote. Ndugu wavuvi wananielewa. Serikali inapopiga marufuku nyavu za matundu madogo, haichukii uvuvi. Wavu ule unazoa hata vifaranga visivyo na faida kwa mvuvi leo, na kesho ziwa linakuwa tupu. Fomu inayouliza kabila, dini, jina la mama na namba ya kitambulisho ili tu mtu apewe kadi ya punguzo la bei ni wavu wa namna hiyo.

2. Wizi wa hapa huja kwa sauti ya mtu

M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Tangu hapo laini ya simu imekuwa pochi, kisha benki, kisha ufunguo wa benki nyingine zote, kwa maana namba za uthibitisho za benki hutumwa kwa laini hiyo hiyo. Anayeimiliki laini anamiliki mlango. Ndiyo sababu matapeli hawahangaiki kuvunja mitambo ya kampuni. Wanamtafuta mwenye laini, au wanajifanya kuwa yeye.

Nieleze jinsi wizi wa kubadilisha laini unavyofanyika, kwa sababu anayejua hatua zake anaweza kuukata katikati. Tapeli anakusanya kwanza: jina, kitambulisho, namba ambazo mtu amezipigia karibuni. Nyingi ya hizi hutoka kwenye madaftari niliyoyataja. Kisha anapiga simu kwa sauti ya upole, anajitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu, anakutajia jina lako kamili na kitambulisho chako ili umwamini, halafu anaomba kile kidogo kilichobaki, au anakuambia uzime simu kwa dakika chache wakati wanarekebisha laini. Kwa upande wa pili mwenzake anaomba laini hiyo iingizwe kwenye kadi mpya. Simu yako inapoteza mtandao. Wewe unadhani ni hitilafu ya mnara. Yeye anabadilisha namba ya siri, anahamisha salio, anaomba mikopo yote inayopatikana kwa jina lako, ya M-Shwari na ya Fuliza, na kuondoka nayo. Kwa hiyo mwathiriwa hapotezi tu alichokuwa nacho. Anaachiwa deni.

Hivyo basi, naomba tusimamishe mhadhara kwa dakika moja. Wenye laini za Safaricom, chukueni simu. Bonyezeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama kuna usiyoitambua, usilale bila kuiripoti. Kisha bonyezeni *100*100#, ambayo huzuia laini yako isibadilishwe na mtu mwingine bila wewe kujitokeza. Mkifika nyumbani wafanyieni wazee wenu, kwa ridhaa yao na wao wakiangalia.

(Naona wengine wanaonyeshana simu zao. Usimwonyeshe jirani namba zako, hata humu ndani.)

Kuna mengine matatu ambayo ningependa yawe desturi. Safaricom huwapigia wateja kwa namba moja, 0722 000 000. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akidai anatoka huko, mkatie simu bila kuomba radhi. Ujumbe wa kulaghai upeleke kwa 333, bila malipo. Na mfanyabiashara asimkabidhi mteja bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mteja, wala kwa ujumbe ulioingia kwake kutoka namba ya kawaida ukiwa umeandikwa kwa mtindo wa M-Pesa. Aangalie salio lake. Foleni ya Kibuye siku ya Jumapili ni ndefu na mteja ana haraka, na haraka hiyo ndiyo tapeli anayoitegemea.

Makundi ya WhatsApp nayo yana mlango wake. Mtu unayemfahamu anakuandikia: "Nimetuma namba sita kwako kwa makosa, nisomee." Huyo unayemfahamu tayari ameshanyang'anywa akaunti yake. Ukizisoma namba hizo, yako nayo imekwenda, na baada ya robo saa wanachama wote wa chama wanaombwa mkopo wa dharura kwa jina lako. Ndani ya mipangilio ya programu hiyo kuna uthibitisho wa hatua mbili. Mweka hazina yeyote ambaye hajauwasha asiendelee kuwa mweka hazina mpaka auwashe. Nasema hivyo kwa uzito wote.

3. Orodha ya mwaka 2015

Sasa nafika mahali ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu jambo hili linatuhusu watu wa ziwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya.

Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwa makamishna wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, za walezi wao, na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Tuiamini nia hiyo. Hata hivyo tufikirie karatasi yenyewe ingepita wapi. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo kaunti ambazo kwa miaka mingi zimekuwa na viwango vya juu kabisa vya maambukizi nchini. Katika shule ya msingi ya kijijini, mwalimu mkuu anajulikana na kila mzazi. Orodha inaandikwa ofisini kwake, inapita kwa chifu, inapita kwa karani wa elimu, inafika kwa kamishna. Kila mkono ni wa jirani. Mtoto wa darasa la nne ambaye alikuwa anameza dawa zake nyumbani kwa siri ya bibi yake anakuwa jina kwenye faili ambalo yeyote mwenye ufunguo wa kabati anaweza kulifungua.

Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba agizo lile lilikiuka Katiba: Ibara ya 31 inayolinda faragha, na Ibara ya 53 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie. Iliagiza kwamba taarifa zilizokwisha kukusanywa zihifadhiwe kwa namna isiyounganisha jina la mtu na hali yake, ndani ya siku 45.

Wengine husema: basi mahakama iliwanyima watoto huduma? Hapana. Ili kuagiza dawa za zahanati ya Mbita, wizara inahitaji kujua idadi ya watoto wanaotumia dawa hizo, umri wao kwa makundi, na uzito wao kwa sababu kipimo cha dawa hufuata uzito. Hakuna kati ya hayo linalohitaji jina litoke nje ya zahanati. Muuguzi analijua jina, kwa sababu ndiye anayemtibu. Juu yake zinapanda namba tu. Kuhesabu bila kutaja ni ujuzi, na eneo hili limeujua kwa muda mrefu: watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian wamekuwa wakifanya kazi kwa namba za washiriki mahali pa majina kwa miaka mingi.

Kuna sababu nyingine, na wahudumu wa afya mlio hapa mnaijua kuliko mimi. Watu wetu waliingia kliniki kwa sababu waliamini kwamba kitakachosemwa mle kitabaki mle. Imani hiyo ndiyo iliyobeba mapambano yote. Siku imani hiyo inapopotea, mama haachi kuwa mgonjwa. Anaacha kuja. Kwa hiyo ninapoona rejista ya wagonjwa imelazwa wazi dirishani, au muuguzi akiita jina na huduma kwa sauti moja mbele ya benchi zima, nakuwa na hofu kubwa kuliko nikisikia habari za wadukuzi wa ng'ambo.

Ujuzi huo wa kuhesabu bila kutaja tuuhamishie kwingine. Orodha za basari hubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wadi na kupigwa picha: jina la mtoto, shule, na sababu, "yatima" au "mzazi mgonjwa". Umma una haki ya kujua fedha zimegawanywaje. Hauhitaji kujua msiba wa kila mtoto. Bandikeni namba ya fomu, shule na kiasi. Mzazi anaijua namba yake.

Na tuzungumze kuhusu matanga, ingawa ni jambo zito. Mazishi yetu ni makubwa, na kamati hutoa hesabu mbele ya watu kwa jina na kiasi. Sitaki desturi hiyo ife. Uwazi huo umezuia ugomvi mwingi wa familia. Lakini siku hizi mweka hazina ananakili ujumbe mzima wa M-Pesa pamoja na salio la fedha, na kiungo cha kujiunga na kundi kinazunguka kaunti tatu. Anayetaka kulaghai anajiunga, anajifunza majina ya wafiwa, kisha anatangaza namba mpya ya kutuma michango. Jina na kiasi vinatosha. Salio na namba za simu zibaki kwa kamati, na kiungo kifungwe ndugu wakishaingia.

4. Sheria inataka nini kwetu

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutoulizwa au kufichuliwa, pasipo lazima, mambo ya familia yake na maisha yake ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, iliipa haki hiyo meno. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, na usajili wa wanaotunza taarifa za watu ulianza 14 Julai 2022.

Wafanyabiashara wadogo huniuliza: sisi tunahusika? Jibu lina sehemu mbili. Mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 amesamehewa kujisajili. Lakini msamaha huo hauwafikii wote: shule, hospitali, wakopeshaji na wengine kadhaa wanasajiliwa hata wakiwa wadogo. Na aliyesamehewa kujisajili hajasamehewa sheria. Bado anatakiwa kusema kwa nini anachukua taarifa, achukue zinazotosha tu, na azifute kazi ikiisha. Bado mteja anaweza kumwomba amwonyeshe alichoandika juu yake, akisahihishe au akifute.

Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza faini tatu ambazo kila mtu hapa ajipime nazo. Shule ya Roma, Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mahali pa burudani, Casa Vera Lounge, palitozwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mulla Pride, kampuni ya programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwingine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Walimu wakuu na wenye hoteli za ufuoni, tazameni kurasa zenu usiku wa leo.

Programu za mikopo zimewaumiza watu wetu kwa namna ya pekee. Mtu anaomba shilingi elfu mbili za kununua samaki, anaruhusu programu isome orodha yake ya simu, na akichelewa kulipa, mkwewe na mchungaji wake wanapigiwa wajulishwe deni. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikataza hilo. Ukipigiwa kuhusu deni la mtu mwingine, hilo tayari ni lalamiko. Mpelekee Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90 kulishughulikia.

Neno moja kuhusu ridhaa. Mwaka 2023 umati ulijipanga KICC Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin, na kila mmoja akapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Roselyne Aburili, iliamua kwamba taarifa zile zilikusanywa kinyume cha sheria na ikaamuru zifutwe. Nywila ikiibwa unaibadilisha. Mboni ya jicho huibadilishi. Na mtu mwenye njaa anayewekewa shilingi 7,000 mezani hajaulizwa swali ambalo anaweza kulijibu kwa uhuru. Tulikumbuke hilo sisi pia tunapomwambia mvuvi kwamba asipotia sahihi fomu yote hapati leseni.

5. Biashara ndogo ijilinde vipi

Hapa nitakwenda haraka, maana mambo yenyewe ni machache na mnaweza kuyaanza kesho.

Tenganisheni fedha za nyumba na za duka. Namba ya Lipa na M-Pesa inawawezesha wateja kulipa bila laini yako binafsi kubandikwa ukutani. Mfanyakazi akiondoka, badilisheni namba za siri siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana kwa amani. Kila mhudumu awe na namba yake ya kuingilia. Namba moja inayotumiwa na watu watano haimtambulishi yeyote fedha zikipotea.

Msambazaji akiandika barua pepe kusema amebadilisha akaunti ya benki, mpigieni kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua hiyo.

Wekeni nakala ya daftari la madeni na ya hesabu mahali pengine, isiyounganishwa na kompyuta ya duka. Aprili 2023 Naivas, ambayo wengi hapa tunanunua kwake, ilitangaza kwamba imeshambuliwa na wahalifu wanaofunga mafaili na kudai fidia. Mapema 2025 taarifa za kampuni zilivuja kutoka ofisi ya serikali ya usajili wa biashara. Ikiwa wakubwa wenye mafundi wanafikiwa, nasi tujiandae kwa siku hiyo. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa kwa maombi bandia mengi mfululizo, huduma zilikwama, na hata kununua tokeni za umeme kukawa shida. Chapisheni leseni na vibali vyenu, mviweke kwenye faili.

Na taarifa za wateja zikikutoka? Sheria inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ujue, pale ambapo watu wanaweza kudhurika, na wenyewe waambiwe. Najua aibu itakushauri unyamaze. Lakini mteja aliyeambiwa mapema anaweza kufunga laini yake kabla ya tapeli kuifikia, na ambaye hakuambiwa hawezi.

Kuanzia leo hadi Agosti 2027

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa kutazama mbele. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, utakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Juni 2021 Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na malalamiko yakamfikia Kamishna wa Data aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Mtu hawezi kuandikishwa bila namba ya kitambulisho chake kupatikana mahali fulani.

Msimu huo utarudi. Watakuja watu wenye adabu kwa wenyeviti wa BMU, kwa waweka hazina wa vyama vya akiba, kwa wakuu wa shule na mawakala, na wataomba "ile orodha tu ya wanachama wenu, tuwatumie salamu". Wengine watakuja na fedha. Napendekeza kwamba kabla ya mwaka huu kwisha kila kikundi kilichowakilishwa hapa kifanye kikao kimoja na kuandika katika kumbukumbu zake mambo matatu: orodha yetu ina nini, nani anaruhusiwa kuiona, na kwamba haitolewi kwa mgombea yeyote, hata akiwa ndugu yetu. Madaftari ya zamani yachomwe mbele ya wanachama, katibu akishuhudia. Nawaomba wawakilishi wa wadi walipeleke suala la orodha za basari kwenye bunge la kaunti, ili ziende kwa namba kuanzia mgao ujao.

Nimeambiwa tuna muda wa maswali. Ningeomba makatibu wa BMU na waweka hazina wa vyama watangulie, kwa sababu wao ndio walio na rejista, na ningependa kusikia ni safu zipi katika rejista hizo wanadhani zinaweza kuondolewa.